Sauti ya Mwalimu Kidole

Watoto ndio waliompachika jina la Mwalimu Kidole, naye hakulikataa, kwa sababu mtoto akikupa jina huwa amekukubali. Alifundisha darasa la kwanza, darasa ambalo walimu wenzake walilikwepa kwa kila kisingizio, na alilifundisha kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wazazi waliokuja kuandikisha watoto wao aliwahi kuwafuta kamasi yeye mwenyewe. Alikuwa mama mnene, mpole, asiye na makuu. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu anayekwambia jambo lako wewe peke yako. Ikumbuke sauti hiyo, maana balaa lilianzia hapo.

Njia yake ya kufundisha kusoma ilikuwa moja tu. Nyuma ya darasa, chini ya dirisha, palikuwa na benchi fupi la watu wawili. Wengine wakiwa wananakili ubaoni, alimwita mtoto mmoja, akamketisha ubavuni, akaweka kibao kidogo cheusi mapajani na kusema, "Haya, nipe habari ya leo." Mtoto akatoa sentensi moja, yoyote ile. Paka amezaa. Bibi anakoroma. Kaka amevunja kikombe akasema ni mimi. Mwalimu akaiandika kama ilivyotoka, bila kuipaka poda, kisha akaweka kidole chake chini ya neno la kwanza. Mtoto akaweka kidole chake juu ya kile cha mwalimu, na vidole viwili vikasafiri pamoja mpaka kwenye nukta. Maneno yako mwenyewe hayakutishi, na ndiyo maana watoto wake walisoma mapema.

Baada ya kusoma, aliuliza neno moja tu: "Halafu?"

Hilo halikuwemo katika mtaala. Lakini kwenye hiyo halafu ndimo watoto walimotoa yaliyokuwa moyoni. Bibi anakoroma, halafu? Halafu mama analia ili bibi asisikie. Kwa neno hilo Mwalimu Kidole alimjua asiyeona ubaoni, asiyekula, na aliyechapwa kwa kosa la mwingine. Mengi aliyamaliza kimyakimya, kwa kumwita mzazi pembeni na kuzungumza naye kama ndugu.

Kisha vikaja vishikwambi. Vililetwa kwa gari jeupe, kila kimoja na hedifoni zake, na Mwalimu Mkuu akavipokea huku akicheka peke yake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Pamoja navyo alikuja kijana wa kampuni, nadhifu, mwenye adabu, ambaye walimu walimwita Bwana Chaji, kwa kuwa ukimpelekea tatizo lolote jambo la kwanza kuuliza ni kama kimechajiwa. Siku kadhaa alikaa nyuma ya darasa la kwanza akitazama lile benchi, na mwisho akamfuata mwalimu mwenyewe.

"Mwalimu, njia yako ni dhahabu. Ila uko mmoja. Kwa siku unawafikia watoto wangapi?"

"Wanane. Kumi nikijitahidi."

"Na waliobaki?"

"Wanasubiri zamu yao, tufanyeje?"

"Nipe sauti yako," alisema Bwana Chaji. "Nitafanya kila mtoto awe na wewe wake, kila siku, asisubiri."

Wanaosema wangekataa hawajawahi kuwa na watoto sitini na kidole kimoja. Mwalimu Kidole hakukataa. Tena, tuseme ukweli, alifurahi. Mtu anafundisha maisha yake yote bila kuambiwa asante, leo anatokea kijana wa watu anamwambia yeye ni dhahabu. Wakaingia stoo ya shule, wakasimamisha magodoro ukutani kuzuia mwangwi, naye akasema mbele ya kinasa sauti yote aliyozoea kusema. Nipe habari ya leo. Hongera. Sentensi nzuri. Soma tena. Nyota tatu. Aliyasema kwa furaha, akayasema kwa kubembeleza, akayasema kwa utani, mpaka koo likamkauka.

Alipofika kwenye halafu, Bwana Chaji aliinua mkono.

"Hilo tuliache, mwalimu. Mashine inapima sentensi. Maneno mangapi, yametamkwa sawa au la. Ukimuuliza mtoto halafu, atazungumza mpaka jua lizame, na hayo hayapimiki."

"Lakini humo ndimo ninamosikia mambo."

"Si utakuwepo darasani? Utayasikia mwenyewe."

Kweli, angekuwepo darasani. Aliuliza swali lingine moja, la busara kabisa: maneno ya watoto yangekwenda wapi? Bwana Chaji akamtoa wasiwasi. Yanapimwa, yanafutwa papo hapo, zinabaki alama tu. Siri za watoto ni siri. Mwalimu Kidole aliridhika na jibu hilo, akatia saini.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya sifa. Mtoto alivaa hedifoni, akasikia sauti ya mwalimu wake ikimwomba habari ya leo, akasema sentensi, ikaandikika kwenye kioo, akaisoma huku akiifuata kwa kidole. Akikosea, sauti ilimrudisha bila kuchoka. Akipatia, nyota zilimwagika. Waliokuwa nyuma wakawafikia wenzao. Wazazi walikuja kuchungulia dirishani na kuondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao. Benchi lilitolewa nje ya mlango likawa la kupangia vishikwambi wakati wa kuchaji.

Kitu kimoja kilimkera Mwalimu Kidole, naye aliona haya kukisema: darasa lilikuwa kimya mno. Watoto sitini walinong'ona kila mmoja na kioo chake, na kutoka kwenye hedifoni sauti yake mwenyewe ilivuja, ndogo, ikisema hongera huku na soma tena kule. Alipita katikati ya madawati akijisikia anazungumza bila kufungua mdomo. Mtoto mmoja aliyebanwa na haja alikiomba kishikwambi ruhusa ya kwenda chooni, kikampongeza, akajikojolea. Walimu walicheka ofisini mpaka wakashika mbavu. Yeye alicheka nao, lakini usiku ule hakupata usingizi upesi.

Darasani alikuwemo msichana waliyemwita Chiriku. Jina lilimkaa sawasawa, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alizungumza bila kuvuta pumzi. Habari zake enzi za benchi zilikuwa za mdogo wake tu, mtoto wa kiume ambaye hata kutembea hajaanza. Mdogo wangu ameota jino. Mdogo wangu amekula sabuni. Mama yao alifanya kazi kiwandani, akitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na watoto waliachwa na shangazi yao, fundi cherehani, aliyeshonea nyumbani.

Sasa Chiriku ndiye aliyeongoza darasa. Mwalimu Mkuu alimwita Mwalimu Kidole ofisini amwonyeshe mchoro wa maendeleo yake, mstari wa kijani unaopanda bila kushuka. Mwanzo sentensi za maneno matatu, kisha matano, kisha saba, matamshi kamili, nyota tatu kila siku. "Tazama huyu mtoto," alisema. "Anasema sentensi ndefu kuliko mimi." Picha ya Chiriku ikabandikwa mlangoni pa ofisi.

Mchoro haukuonyesha kwamba nje ya kishikwambi yule mtoto alikuwa amenyamaza. Wenzake wakicheza, alikaa kwenye ngazi. Alikuja shule nywele hazijachanwa. Mwalimu Kidole alimuuliza hujambo, akajibu sijambo, kisha akabaki anamtazama usoni, kama mtu anayesubiri umalizie jambo uliloanza. Mwalimu aliyaona macho hayo zaidi ya mara moja. Akajiambia mtoto anakua, watoto wenye akili huwa hivyo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Asubuhi moja walikuta soketi ya ukutani imeungua na vishikwambi vyote vimezima. Mwalimu Mkuu alimpigia simu fundi umeme, akampigia Bwana Chaji, akazunguka uani mikono kichwani. Mwalimu Kidole, bila kumwambia mtu, alishukuru Mungu. Alilivuta benchi ndani, akalifuta vumbi kwa kanga aliyojitanda mabegani, akachukua kibao, na wa kwanza kumwita akawa Chiriku.

Mtoto akaja akaketi. Alikaa pembeni kabisa ya benchi, mikono katikati ya magoti.

"Haya, Chiriku wangu. Nipe habari ya leo."

Chiriku akamtazama mdomo. Hakumtazama macho, alimtazama mdomo.

"Nimeshakwambia," alisema.

"Umeniambia lini, mwanangu?"

"Jana. Na juzi. Kila siku nakwambia."

"Nami nikasemaje?"

"Ukasema hongera. Ukasema nisome tena. Nikasoma tena. Ukanipa nyota."

"Yule si mimi, Chiriku. Ile ni mashine. Mimi sikukusikia."

"Ni sauti yako."

"Ni sauti yangu, lakini mimi sikuwemo."

Jaribu wewe kumweleza mtoto wa miaka saba jambo hilo. Chiriku alimsikiliza kwa heshima yote, kisha akageuza uso akaangalia dirisha. Mwalimu Kidole akamuuliza tena kwa kubembeleza, na kadiri alivyobembeleza ndivyo mtoto alivyozidi kujikunja. Sauti ileile, bembelezo lilelile, lililotoka stoo katikati ya magodoro. Alikuwa amelisikia kila siku na halikumsaidia kitu.

Mwalimu akanyanyuka, akatoka mlangoni na kumpigia simu Bwana Chaji. Alitaka kujua mtoto mmoja alisema nini jana.

"Kimechaj…"

"Nisikilize. Alisema nini?"

Akasikia vidole vikibofya. "Jana alisema maneno saba. Matamshi kamili. Nyota tatu. Yuko vizuri sana huyo."

"Maneno gani?"

"Mwalimu, si tulikubaliana? Yanafutwa." Kijana alikuwa mpole kama siku zote. "Uliuliza mwenyewe."

Alirudi kwenye benchi. Mahali fulani kulikuwa na jambo baya, jambo lililokuwa likiongezeka neno kwa neno, yeye analishangilia, na mtu pekee aliyelijua alikuwa hapa, ameketi, hataki tena kumwambia. Alifungua mdomo aombe. Akaufunga. Sauti ndiyo iliyomponza, na kuiongeza kungekuwa kumwaga maji juu ya matope.

Basi akanyamaza. Akaweka kibao mapajani, kitupu, chaki kando yake, akaweka kidole chake chini ya mahali ambapo neno la kwanza lingekaa, akasubiri. Darasa lilikuwa likipiga kelele kama zamani, wawili walikuwa wakigombania kifutio, hakugeuka. Muda ukaenda. Hatimaye Chiriku alikitazama kile kidole, akasogea kidogo, akasogea tena, akachukua chaki.

Aliandika polepole, herufi nzuri, kila moja mahali pake. Mashine ilikuwa imemfundisha vizuri, haki yake apewe. Kidole cha mwalimu kikafuata chini ya kila neno, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anasoma.

*Shangazi anampa mdogo wangu dawa ya usingizi.*

Mwalimu Kidole hakutoa sauti. Aligeuza tu uso akamtazama mtoto, na uso wake wote ulikuwa unauliza, halafu? Chiriku akafuta kwa kiganja, akaandika tena.

*Leo nimemwamsha hakuamka.*

Hakumbuki alivyotoka. Walimu wanasema alipita mbele ya ofisi akiwa amembeba Chiriku mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, kanga imedondoka, na kwamba Mwalimu Mkuu alimkimbilia akiuliza vishikwambi vimefanya nini. Nyumba haikuwa mbali. Kabla hawajafika kwenye kona walisikia cherehani inakwenda, trrr, trrr, bila haraka.

Shangazi mtu alikuwa barazani amezungukwa na sare alizotakiwa kuzikabidhi. Hakuwa na uso wa muuaji. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. "Karibuni," alisema, "ila taratibu, mtoto amelala."

"Tangu lini?"

"Tangu… amelala tu, mwalimu. Akiamka hanipi nafasi ya kushona. Ni dawa ya kikohozi, hata dukani wanauza." Kisha akamwona Chiriku mgongoni, na mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Nilikukanya usimwambie mama yako. Akiacha kazi tutakula nini?"

Chiriku alikuwa ametii. Hakumwambia mama. Alimwambia mwalimu.

Yule mdogo alikuwa chumbani, amelala kwa ubavu, amefunikwa vizuri. Mwalimu Kidole akamwinua, kichwa kikaanguka nyuma. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akaweka shavu lake puani pa mtoto, akasubiri, akasubiri, mpaka akahisi pumzi, ndogo, ya mbali, kisha kitambo kirefu kabla ya nyingine. Hakumgombeza mtu. Akatoka naye kukimbilia barabarani, na Mwalimu Mkuu, ambaye mpaka leo hajui ni nini kilichomfanya alete gari, akawa ameleta gari.

Aliokolewa. Lisemwe hilo mapema, maana msomaji ana moyo. Alifumbua macho kesho yake jioni, akalia, na wauguzi wakafurahia kilio kile. Daktari alisema mtoto alikuwa akinyweshwa kwa muda mrefu, kipimo kinaongezwa kila alipozoea, na kwamba wangechelewa mpaka mama yake arudi kutoka kazini wasingemkuta hai. Aliyasema haya mbele ya mama mwenyewe, aliyekuja mbio na aproni ya kiwandani, nyuzi zimemganda mikononi.

Mama Chiriku hakupiga kelele. Mwalimu Kidole alitamani angepiga. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini, binti yake amemlalia, akasema taratibu, "Mtoto anasema alikwambia, mwalimu. Anasema alikwambia kila siku, tangu mwanzo."

Majibu yalikuwepo mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Hata moja halikumfaa mama yule. "Aliniambia," alijibu Mwalimu Kidole. Hapo ndipo alipolia.

Chiriku alirudi darasani baada ya majuma machache. Anazungumza tena, si kama zamani, lakini anazungumza. Ila ana tabia mpya. Akiketi benchini, kabla ya kutoa habari yake, huinua kiganja akakiweka kooni pa mwalimu. Mwalimu husema haya, nipe habari ya leo, na mtoto husubiri mpaka ausikie mtetemo mkononi, ndipo aanze. Mwalimu Kidole huinamisha kichwa ili kiganja kifike vizuri.

Kuhusu sauti, alimfuata Bwana Chaji ofisini kwake akamwomba aiondoe. Kijana alisikitika kweli, machozi yalimlengalenga machoni. Katika darasa lake iliondolewa siku ileile. Kwingine, hapana, karatasi mwalimu alishaisaini, na sauti ilikuwa imeshasambaa katika shule ambazo hata yeye kijana hajui idadi yake vizuri. "Watoto wanaipenda, mwalimu," alisema. "Wengine hawana mtu mwingine anayewasemesha hivyo."

"Basi weka halafu," alisema mwalimu. "Weka neno hilo moja, na mtu wa kusikiliza jibu."

"Mtu?" aliuliza Bwana Chaji.

Akarudi kwa miguu, kupitia mitaa asiyoizoea, jua likiwa bado kali. Alikuwa anapita pembeni ya ukuta wa shule moja, shule asiyoijua, ambako hedifoni zilikuwa zimeharibika au hazikuletwa kabisa, kwa sababu madirisha yalikuwa wazi na sauti ilikuwa inatoka nje bila kificho. Ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo.

"Nipe habari ya leo," ilisema.

Kisha kimya, urefu wa sentensi. Mtoto alikuwa anasema kitu huko ndani, kwa sauti isiyofika barabarani. Mwalimu Kidole alisimama, akabana pumzi, akatega sikio kwa nguvu zake zote.

"Hongera," ilisema sauti yake. "Sentensi ndefu sana. Soma tena."

Alikwenda mpaka getini, akaligonga kwa viganja viwili. Mlinzi akafungua kidirisha.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mtoto."

"Mtoto gani? Wa darasa la ngapi?"

"Sijui, baba. Nifungulie tu. Kuna mtoto humo ananiambia kitu."

Mlinzi alimtazama kwa upole, kama watu wanavyowatazama waliochanganyikiwa, akamwambia arudi kesho na barua. Kidirisha kikafungwa. Ndani, sauti yake ikasema nyota tatu.